Saturnini na Askari wa Mwilini

Naweka dau jogoo wangu mwekundu: hakuna hapa atakayeamini kwamba Saturnini, aliyetuhimiza wote tuchanjwe, ameondoka kwa ugonjwa wenye chanjo. Na mimi Kipriani, shemeji yake, mdomo mrefu kuliko wote hapa, ndimi niliyepewa kusoma habari zake.

Marehemu alizaliwa Kiegei, Nachingwea, tarehe 14 Mei 1974. Alisoma hapohapo hadi darasa la saba. Mimi niliishia la nne, lakini kwa maneno nilimpita, hata mwenyewe alikubali.

Alilima korosho na ufuta, na toka 2009 alijitolea kuwa mhudumu wa afya wa kijiji. Mtoto akilia na jipu, humwambia, "Huo usaha ni askari wako waliofia kazini. Hiyo homa ni moto walioukoka wao, wamchome adui." Na chanjo je? "Tunawaonesha askari picha ya mwizi kabla hajaja." Mtoto ananyamaza, anaanza kuuliza askari wake wako wangapi.

Alimuoa dada yangu Rahel tarehe 8 Agosti 1998, wakahamia Nanganga, Ruangwa.

Jumatatu, tarehe 3 Februari 2025, tukiwa kwenye palizi ya mikorosho, jembe lilimkata mguu. Akaosha kidonda, akaniambia, "Shemeji, washa pikipiki unipeleke zahanati. Sindano ya pepopunda nilichomwa utotoni tu."

Nikacheka, watu wote wasikie. "Baba mzima unakimbilia sindano! Askari wako si wana picha?"

"Picha inafifia, shemeji. Inabidi waoneshwe tena."

"Mwili hausahau! Mimi nimejikata mara saba, nitazame nilivyo!"

Watu wakacheka. Naye akacheka, akashika jembe. Ufunguo wa pikipiki ulikuwa mfukoni mwangu.

Tarehe 11 taya likakaza. Tukamkimbiza hospitali Nachingwea. Wauguzi walimpigania siku nane. Mwili unakakamaa, mgongo unapinda, na akili yake timamu, anatuona. Siku ile ya kwanza, meno yameshabanana, aliniambia, "Shemeji, wewe kachome sindano."

Alifariki tarehe 19 Februari, alfajiri. Jana nimechoma.

Ameacha mjane, Rahel, watoto watatu, Prisca, Marietha na Adinani, na mjukuu mmoja. Lala salama, shemeji. Askari wako wamemaliza zamu, Mungu awapokee pamoja nawe.

Nilisema mwili hausahau. Nilikosea.