Daktari Riedinger na Wavua Kofia

Sogeeni, wajukuu zangu, na huyo anayegonga kijiko atulie. Benchi letu lilikuwa nje ya mahakama, hapa hapa mjini kwetu Ujerumani, miaka kama ishirini baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Mimi nilileta kahawa na keki ya plamu. Egon kinyozi, tuliyemwita Mkasi, alileta mdomo. Wa tatu alikuwa Alwin, dereva mstaafu wa treni, Breki kwetu sisi. Siku hiyo anashitakiwa Daktari Riedinger, daktari wa sheria, si wa dawa. Ofisini kwake ndiko zilikopangwa treni za kupeleka watu kambini kuuawa. Naye kashikilia: hakuwahi kutoka mezani, kambi hakuiona. Breki ni shahidi, mchana huo huo.

— Breki, utawaambiaje? Mkasi akauliza.

— Sikumbuki kitu.

— Safi! Asiyekuwepo na lake halipo. Daktari hakuwepo kambini, basi na kosa lake halipo!

— Wee Mkasi, nikamwambia, methali hiyo umeinyoa kipara.

— Bibi Hedwig, mtu kashika kalamu tu! Kalamu inaua? Basi washitaki wino.

— Na kiwanda cha wino?

— Nacho! Na mabata waliotoa manyoya ya kalamu za babu zetu, wote kizimbani!

Breki hakucheka. Akaweka kikombe chini.

— Alipanda treni yangu, akasema. Alisimama kwenye jukwaa la stesheni kule kule kambini, akitazama milango ya mabehewa ikifunguliwa.

— Nyamaza bwana! Mkasi akamkatiza. Mwanao kaajiriwa na mkwe wa Daktari. Yaliyopita si ndwele.

Mara Daktari mwenyewe huyo, yuko nje kwa dhamana, anarudi kutoka kula. Wanaume wangu wakasimama wima, kofia mikononi.

— Mchana mwema, Bwana Daktari!

Nami nikainamisha kichwa. Mazoea, wanangu.

Pembeni alikuwepo mama mmoja mgeni, na kijibegi chake. Akatusogelea.

— Samahanini, wazee. Mama yangu alipelekwa na treni zile. Huyo mliyemvulia kofia, aliwatendea wema gani?

Mkasi akaificha kofia nyuma ya mgongo. Nikainamisha chupa ya kahawa nimmiminie, halikutoka tone.

Mlangoni wakaita jina la Breki. Akaitupa kofia benchini, akaingia kichwa wazi, akasema yote: treni, jukwaa, na nani alisimama pale.

Daktari alifungwa miaka minne. Alipokufa, nyumba yake ya mlimani kairithi binti yake. Mwana wa Breki alirithi kufukuzwa kazi, naye hakumsemesha tena babake hadi wanamzika mzee. Mkasi alirithi benchi zima, hana wa kubishana naye. Yule mama hakurithi kaburi la mamake wala pete. Alirithi neno la dereva: kwamba mkubwa yule alikuwepo, na aliona.