Babu Rudisha na Kanda Iliyobaki Ndani ya Deki

Kila asubuhi kabla ya chai, marehemu babu yetu alikuwa akitia spiriti kwenye pamba na kufuta kichwa cha deki, ile mashine ya kuchezea kanda za video, mara tatu. Halafu aliirudisha kanda ya siku hiyo hadi mwanzo, hata kama mwenyewe ameileta ikiwa mwanzoni. Ndiyo maana mtaa ulimwita Babu Rudisha.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, mtoto wa nne wa fundi cherehani, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alimaliza darasa la saba mwaka 1966. Hakuendelea. Alisema hesabu zilimshinda, ila saa aliijua.

Mwaka 1969 alianza kufagia kwa mpiga picha. Mwaka 1986 akanunua kamera ya video, ile ya kubeba begani, akapiga arusi za watu mpaka bega la kulia likashuka. Watu walipoanza kujipiga kwa simu, akageukia kuhamisha kanda za zamani kwenye kompyuta, azikate na kuziunganisha, mtu aondoke na flashi. Kanda ya saa moja huhama kwa saa moja. Dada mmoja muuza vitambaa alimjia juu.

"Mzee, si uikimbize tu mbele?"

"Arusi yako ilichukua muda gani, mwanangu?"

"Saa tatu."

"Na ndoa?"

"Miezi minane."

"Basi niachie hizo saa tatu, ndizo ulizobakiza."

Yule dada alicheka mpaka akatafuta pa kukaa.

Alifunga ndoa na bibi yetu tarehe 9 Desemba 1978. Walipata mtoto mmoja, mama yangu, aliyefariki mwaka 2013. Hili Bibi ameniruhusu kulisema. Mama akiwa na miaka tisa, Babu alimrekodi akianika nguo huku anaimba. Kanda za wateja Babu alizivunja kile kipande cha plastiki mgongoni, ili mtu asije akarekodi juu yake. Ya nyumbani hakuivunja. Siku moja akaibeba kwa haraka kwenye arusi ya watu. Mama alipofariki, Bibi aliomba aione kanda ile, akatokea bibi arusi asiyemjua. Bibi akainuka, akatoka. Hakugombana. Hakuingia tena kwenye chumba cha kanda.

Babu alijua zimebaki dakika sita za mama, mwishoni. Sauti yake nyingine haipo popote. Lakini kanda ilishachakaa, akasema huenda ikakubali kuchezwa mara moja tu. Akaiweka kwenye kopo la biskuti, akawa anahamisha za wengine kwanza.

Presha ilimwanza mwaka 2019. Mwaka huu miguu ilivimba. Daktari alimwambia apumzike, akajibu amebakiza kanda moja. Alifariki Jumanne, tarehe 6 Agosti 2024, saa sita na robo mchana, akiwa amekaa kwenye benchi la fundi redio. Mpira mpya wa deki ulikutwa kwenye mfuko wa shati. Alikuwa na miaka 73.

Ameacha mke, dada mmoja, na wajukuu wawili, kaka yangu na mimi. Kuna kanda kumi na tisa za watu rafuni. Wenyewe mje mzichukue. Apumzike sasa taratibu, Babu yetu, bila kukimbizwa na mtu.

Asubuhi ya Jumanne hiyo aliyofariki, Bibi aliingia mwenyewe kwenye chumba cha kanda, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, Babu akaitia kwenye deki ile kanda ya kopo la biskuti. Tuliangalia arusi ya watu dakika arobaini na moja. Picha ikajaa chenga. Ikaonekana kamba ya nguo, na shuka. Deki ikasimama.

Babu akafungua kifuniko, akamulika kwa tochi.

"Imekatika?" Bibi akauliza.

"Kanda iko nzima. Umekatika mpira unaoizungusha. Msiguse kitu."

"Si umtume mtoto?"

"Ataleta saizi nyingine."

"Na miguu hiyo?"

"Itanifikisha. Wewe usitoke tu."

"Sitoki," Bibi akasema. "Nenda."

Akauweka mpira uliokatika kiganjani, wa kupimia. Akavaa viatu bila kufunga kamba, akatoka, mlango akauacha wazi.