Bi. Modesta Kija, Kitambaa cha Tausi na Mkoromo wa Baba Queen

Bi. Modesta Kija anastaafu Jumatatu, tarehe 30 Juni 2025, baada ya kuitumikia Karakana ya Harish, hapa Igogo, kwa miaka thelathini na moja, miezi mitatu na siku kumi na tisa. Siku hizo kumi na tisa amezisisitiza mwenyewe. Anasema hakuzila bure.

Jitesh, mkurugenzi wetu, ameniomba niandike wasifu huu kwa sababu nilikuwa karani wa mapokezi wa karakana tangu 1996 hadi 2017, na kabla ya hapo nilikuwa mwalimu wa fizikia. Msomaji aikumbuke hiyo fizikia, maana itakuja kuniaibisha. Nina miaka sabini na tisa, moyo umechoka, na daktari ameacha kunipangia tarehe za mbali za kliniki. Kwa hiyo nitaandika yote, pamoja na jambo moja ambalo lilipaswa kuandikwa miaka tisa iliyopita.

Bi. Modesta aliingia karakana Machi 1994, akiwa na cheti cha ufundi umeme na bisibisi mbili. Marehemu mzee Harish, baba yake Jitesh, alimpa redio iliyowashinda mafundi watatu. Akaifungua, akatoa mende mmoja mkavu, akaifunga, redio ikaimba. Mzee Harish akauliza wale watatu walikosea wapi. "Walitafuta tatizo kubwa," Modesta akamjibu. Aliajiriwa siku hiyo hiyo.

Kutoka redio alihamia televisheni, na simu za mkononi zilipofika mjini alijifunza kwa kufungua simu ya mzee Harish mwenyewe wakati mzee akila chakula cha mchana. Mzee alishangaa kwa wiki nzima kwa nini kitufe cha tano kimekuwa kigumu. Hakuambiwa, na naamini hii ndiyo mara ya kwanza familia yake inasikia.

Mji wetu una ziwa upande mmoja na mawe upande mwingine, na simu za watu huangukia kimojawapo. Mafundi wengi wanajua kubadilisha kioo. Bi. Modesta alijipatia jina kwa kazi nyingine: kuchukua vilivyomo ndani ya simu ambayo haiwaki tena. Mteja akilia kwamba simu imekufa, yeye alikuwa anasema, "Imekufa, sikatai. Lakini marehemu ana mifuko. Ngoja tumpekue kwa heshima."

Heshima hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza, mteja alisimama mbele ya meza na kutaja kwa mdomo wake anachotafuta. Asichokitaja, Modesta hakukigusa. Pili, mambo ya simu yalipoanza kupita kwenye kompyuta, aliifunika skrini kwa kitambaa cheupe chenye tausi, alichodariziwa na Bachubai, mama yake Jitesh. Kompyuta ilinakili, tausi alitazama, sisi wengine hatukuona kitu. Kwa miaka yote hiyo siri za nusu ya Mwanza zimepita chini ya ndege huyo, na hakuna ndoa iliyovunjikia mezani kwetu.

Moja ilikaribia. Alikuja bwana mmoja kutoka Kisesa, simu yake imekanyagwa na ng'ombe wake mwenyewe. Akasema anataka picha za ng'ombe na namba zote za watu. Wakati huo mkewe akaingia, akasimama nyuma yake, akauliza, "Namba zote?" Bwana akafikiri kidogo. "Mama, nimebadili. Picha za ng'ombe tu. Namba zipotee, Mungu amependa." Bi. Modesta akaandika: ng'ombe tu. Alipata picha mia moja na sita za ng'ombe, na namba akaziacha zilale zilipo.

Sasa nije kwenye simu ya Teodora.

Teodora, ambaye sisi tunamwita Mama Queen, ni mwanika dagaa hapa hapa Igogo. Mumewe, Machibya, alifariki Januari 2016. Marehemu alikuwa mtu mwema na mkoromaji mkubwa, ila hiyo ya pili hakuikubali kamwe. Mama Queen alipomwambia, "Baba Queen, unakoroma," alijibu kwamba ukoo wao haukoromi. Basi Jumapili moja mchana, baada ya ugali na kichwa cha sangara, marehemu akalala kitini, na mkewe akamrekodi kwa simu ili akamsikilizishe mama mkwe awe hakimu. Kesi haikufika kwa mama mkwe. Wiki mbili baadaye Machibya alikuwa amekufa, na katika dunia nzima hapakuwa na sauti yake nyingine isipokuwa ule mkoromo.

Mwezi Machi simu hiyo ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Majirani wakamshauri aizike kwenye mchele siku tatu. Nyumbani hakukuwa na mchele, ila palikuwa na gunia la dagaa wakavu, naye akaona ukavu ni ukavu. Simu ilipotufikia, paka watano walikuwa wameisindikiza hadi mlangoni. Wawili kati yao walikaa nje ya karakana mpaka Ijumaa.

"Unatafuta nini, Mama Queen?" Modesta alimuuliza, kama ilivyo desturi.

"Natafuta mkoromo," alisema, na hakuna aliyecheka. "Mengine hata ukitupa, tupa."

Bi. Modesta aliisafisha bodi kwa mswaki na dawa siku mbili, akachomelea upya sehemu zilizoliwa na maji. Betri ilikuwa imevimba, hivyo akaiunga simu kwenye mashine ya mezani inayotoa umeme badala ya betri, kwa klipu mbili, nyekundu na nyeusi. Ikawaka. Kompyuta ikaanza kunakili, yeye akatandika kitambaa chake na kwenda kunywa chai, kwani kazi ingechukua saa nzima. Aliporudi, simu ilikuwa imezima na haikuwaka tena. Mkoromo ulikuwa bado haujafikiwa.

Alikagua, halafu akasema ni mkono wake. Alidhani moto wa lehemu aliyoichomelea umeiunguza memori, na memori ikiungua haina dawa. Alikwenda mwenyewe kwenye chanja za dagaa kumwambia mjane kwamba ameshindwa. Mama Queen hakumtukana. Alimwambia, "Umeniulia mara ya pili, Modesta," akaendelea kugeuza dagaa. Tangu siku ile alikuwa anapita upande wa pili wa barabara. Naye Jitesh, aliyekuwa mgeni kwenye kiti cha baba yake na mkali kama wageni wote wa viti, akaagiza Modesta aandikiwe barua ya onyo kwa uzembe.

Barua ile niliichapa mimi. Nilisahihisha hata mikato. Na mimi ndiye niliyeiua simu.

Nieleze. Kwa miaka mingi nilikuwa nakitazama kile kitambaa kutoka mezani kwangu, nami ni mtu niliyesoma, na mtu aliyesoma hapendi kufunikiwa. Siku ile karakana ilikuwa tupu. Nikainuka, nikashika ncha ya tausi, nikafunua. Ilikuwa inapita picha ya mbuzi. Mbuzi mmoja, amefungwa kamba kwenye kigingi, ananitazama. Nikashtuka kama niliyekamatwa na polisi, kiwiko kikavuta nyaya, klipu zote mbili zikatoka, simu ikazima. Nikazirudisha upesi kabla Modesta hajamaliza chai. Nyekundu nikaiweka mahali pa nyeusi, na nyeusi mahali pa nyekundu. Nikasikia harufu. Nikazibadilisha, nikafunika, nikarudi mezani kwangu kupanga kalamu.

Nilikusudia kusema jioni ile. Halafu nikakusudia kusema Jumatatu. Miaka tisa imepita namna hiyo, na katika miaka hiyo Bi. Modesta hakuacha kumwambia kila mteja mpya, kabla hajashika bisibisi, kwamba aliwahi kuua moja. Mimi, hadi nilipostaafu, nilikuwa naandika jina la mteja bila kuinua macho.

Jumapili ya tarehe 8 mwezi huu alikuja kwangu Nyegezi na machungwa, ili nimuulize tarehe za wasifu huu. Akaniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akakaa kando ya kitanda. Nilipofika mwaka 2016 kalamu ikagoma.

"Modesta," nikasema, "ile simu ya Mama Queen niliiua mimi."

Alikuwa anamenya chungwa. "Ipi, Mwalimu? Mama Queen aliniletea maiti nne."

"Ile ya dagaa."

Kisu kikasimama. Nikamweleza kitambaa, mbuzi, kiwiko, klipu.

"Nyekundu ukaiweka wapi?"

"Kwenye hasi."

"Na fizikia umefundisha miaka mingapi?"

"Kumi na minne."

"Watoto wa watu," akasema.

Nikangoja anifokee. Badala yake akasogeza kiti. "Umeme ulikaa kinyume kwa muda gani?"

"Mpaka niliposikia harufu."

"Harufu ya dagaa au ya kuungua?"

"Ya kuungua. Ya dagaa ilikuwepo tangu mwanzo."

Akasimama, akaliacha chungwa nusu limemenywa, akatoka bila kuaga. Nilidhani sitamwona tena, na sikumlaumu.

Kumbe alikuwa anawahi karakana. Katika bodi ya simu ile, karibu na mahali pa betri, kuna kidude kidogo kuliko punje ya ulezi. Kazi yake duniani ni moja: umeme ukiingia kinyume, kife chenyewe ili vingine vipone, na kikishakufa huziba njia ya umeme mpaka kitolewe. Bi. Modesta hakuwahi kukishuku, kwa kuwa hajapata kugeuza nyaya tangu siku aliyozaliwa, na kwa kuwa alikwisha kujihukumu. Akiamini memori imeungua, hakutaka kuichokonoa zaidi. Alikuwa ameiweka bodi kwenye kopo la majani ya chai, na kopo kwenye droo yake ya chini, na hakuruhusu mtu alitupe, hata tulipohama chumba. Jumapili ile alikuta karakana imefungwa, hivyo Jumatatu asubuhi akalifungua kopo, akakitoa kile kidude, akaunga umeme. Nyekundu kwenye chanya.

Jumamosi ya tarehe 14 walikuja kwangu watatu: Bi. Modesta, Jitesh na Mama Queen, aliyefuatwa kwenye chanja zake na kuja bila kuuliza kitu. Kompyuta ikawekwa kwenye stuli karibu na dawa zangu. Modesta akaifunika kwa kitambaa. Jitesh akamwambia, "Dada Modesta, hii ni sauti tu, hakuna cha kuona." Akamjibu kwamba utaratibu ni utaratibu.

Kwanza ulikuja mkoromo. Sijapata kusikia mfano wake. Ulianza chini kama injini ya boti inayokataa kuwaka, ukapanda, ukakwama, ukaachia. Juu yake ikasikika sauti ya Mama Queen, ya enzi zile, akinong'ona: "Endelea, endelea. Leo nimekupata." Halafu mkoromo ukakatika, na mwanamume akasema kwa uzito wa usingizi:

"Unamrekodi nani?"

"Wewe."

"Mimi sijalala. Nilikuwa nafikiri."

Mama Queen alicheka mpaka akashika chuma cha kitanda changu. "Mwongo huyu," akasema. "Jamani, mwongo huyu." Kisha akajifuta kwa khanga na kusema turudie. Tulirudia mara tano. Mara ya tano hakuna aliyecheka, naye Mama Queen alikuwa ameushika mkono wa Modesta na hakuuachia hadi walipoondoka.

Kabla hawajaondoka alinigeukia. "Mwalimu, na wewe uliona nini humo?"

"Mbuzi, mama."

"Yule wa kamba? Yule tulimchinja Pasaka ya mwaka wa nyuma yake."

Miaka tisa nimebeba dhambi ya mbuzi aliyekwisha kuliwa.

Ilibaki barua. Jitesh aliitoa jaladani ili aichane mbele yetu, akimwomba radhi Bi. Modesta kwa kuitia sahihi bila kuuliza. Bi. Modesta akakataa isichanwe. Akasema barua ni nzuri, ibadilishwe jina tu. Kwa hiyo nimepata onyo la kwanza la maisha yangu miaka minane baada ya kustaafu, kwa maneno niliyoyachapa mwenyewe, na nimesaini kulipokea. Kiswahili chake hakina kasoro.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, waliopo na waliotangulia, namshukuru Bi. Modesta Kija kwa miaka, miezi na siku zake kumi na tisa. Kwa kila alichokitoa kwenye simu zilizokufa, na kwa vingi zaidi alivyoviacha humo. Kwa niaba yangu peke yangu, namshukuru kwa kurudi Alhamisi iliyopita kuja kumalizia lile chungwa.

Kitambaa cha tausi kinabaki mezani karakana. Sitakifunua tena.

Kwake tunaomba afya, majirani wema, na Jumapili ndefu zenye kiti cha kuegemea baada ya chakula. Usingizi ukimchukua, aliye karibu naye tafadhali arekodi, na nakala aihifadhi sehemu mbili. Yeye atakataa. Wote hukataa.

Mwl. Revocatus Kashindye
Karani mstaafu, Nyegezi