Hema la Upepo la Bi Mwanatumu

Kijiwe chetu kiko Kisauni, nyuma ya msikiti, penye benchi la mbao na birika la Sabah, muuza kahawa. Hapa ndipo watokapo wanaume wa turubai. Mtu akifiliwa, mtu akioza binti, hutufuata hapa hapa, na kahawa haijapoa nguzo zishasimama. Mungu anisamehe, jambo hili hunijaza kiburi kisichomfaa mtu wa safu ya mbele msikitini. Jana baada ya alasiri akaja Bi Mwanatumu, mkodishaji wa maturubai, simu mkononi. Wiki iliyopita nguzo yake ilianguka katikati ya kesha la harusi la wanawake kwa jirani zetu kina Wardah. Sisi wanaume tulingoja nje ya ua mpaka kila mwanamke apate buibui lake, na keki iko chini. Sasa ameona simuni hema kubwa la kujazwa upepo, lisilo nguzo, ambalo mtu mmoja alilisimamisha peke yake. Ijumaa ana kesha jingine, na wenye harusi wamemwambia likianguka tena wasijuane. Muuzaji ana mahema ya namna mbili na ataka jibu kabla ya magharibi.

— Salaam aleikum. Nyinyi ndio mafundi, niambieni. Moja lina bomba moja la upepo lililozunguka hema lote. La pili lina mabomba mbalimbali, kila moja na mdomo wake. Nichukue lipi?

Tinga, mvunja mawe wa Bamburi, alicheka mpaka benchi likatikisika.

— Bi Mwanatumu, hayo ni mambo ya watalii. Hili la nguzo lina ubaya gani?

— Lataka nyinyi.

Mansur, tumwitaye Injinia kwa kuwa huziba magurudumu, akaweka kikombe chini.

— Chukua la bomba moja. Nitalijaza kwa mashine yangu ya magurudumu, mara moja limesimama.

— Na wewe utaingiaje uani kwa wanawake, Mansur?

— Siingii. Napitisha mpira wa upepo dirishani.

— Bomba moja, pini moja ya mtandio, akasema Tinga. Puu, hema lote juu ya bibi harusi.

— Likitoboka upepo hutoka polepole. Wageni watamaliza pilau.

— Haya, na kusi ikivuma? Kitu kimejaa upepo, hakina hata nguzo. Litapaa na wanawake ndani. Asubuhi twende tukawachukue Malindi.

— Haliwezi kupaa, Tinga. Hujaona dhahabu wanazovaa?

Hapo mimi nami nikatia mkono. Nikasema hewa ya alfajiri ni nzito kuliko ya mchana, basi lijazwe alfajiri, halitapaa. Sijui nilitoa wapi. Nimesoma mpaka darasa la saba tu, lakini niliyasema kama mtu aliyeulizwa na serikali, na Injinia akatikisa kichwa kukubali.

— Stima ikikatika? akauliza Bi Mwanatumu.

— Pampu ya mkono, akasema Injinia.

— Kwa mkono wa mwanamke? Tinga akajigonga kifua. Bi Mwanatumu, sikuvunjii heshima. Lakini turubai la mtaa huu husimamishwa na sisi. Tulilosimamisha msibani kwa Mzee Stambuli, watu walikuja kulitazama kutoka Changamwe. Na sinia la kwanza la pilau ni la waliosimamisha, ndiyo ada yetu. Ukilisimamisha peke yako, sinia hilo utalimaliza?

Tukacheka sote. Kweli tulijiona watu.

Mwishoni mwa benchi alikaa Mwarandu, mpangaji mgeni aliyehamia kutoka Kaloleni. Alikuwa ametuambia shikamooni, akaendelea na kahawa yake.

— Samahani wazee wangu, nauliza tu. Harusi ikisha, hulikunja nani?

Injinia akamtazama Tinga. Tinga akatazama ndani ya kikombe chake. Mimi nikajaribu kukumbuka siku moja tu niliyokunja turubai. Nikakumbuka pilau, nikakumbuka dua. Kukunja, wallahi, sikukumbuka.

— Msimuone mgeni, ameuliza la maana, akasema Bi Mwanatumu, tena bila hasira. Hulikunja mimi. Nguzo zake, kamba zake, matope yake, miaka yote hiyo, nyinyi mushakula mushakwenda zenu. Na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza kama mkono wa mwanamke utaweza.

Sabah akajifanya anapuliza makaa.

Bi Mwanatumu akapiga simu palepale, mbele yetu, amesimama wima.

— Nipe lile la mabomba mbalimbali. Moja likitoboka, mengine yasimame. Na pampu ya mkono.

Akasikiliza kidogo.

— Watu wa kulisimamisha? Mmoja.

Akasikiliza tena, akatengeneza mtandio wake.

— Ndiyo. Mwanamke.