Rula ya Dirisha Namba Tatu

Wafanyakazi wote wanatangaziwa, kwa uzito unaostahili, kwamba rula moja ya plastiki, yenye urefu wa sentimita thelathini lakini inayoanzia kwenye sentimita ya pili kwa sababu ncha yake ilikatika zamani, ilikabidhiwa rasmi Ijumaa tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, kutoka dirisha namba tatu kwenda dirisha namba mbili. Makabidhiano yalifanyika kwa maandishi. Walisaini wawili. Mwenyekiti wa kamati ya mali chakavu alialikwa, hakutokea.

Siku hiyohiyo aliondoka pia mwenye rula, baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne na miezi mitatu. Jarida hili limechelewa wiki moja kumuaga, na kwa hilo tunaomba radhi. Yeye hakuwahi kuchelewa, ila kwa wateja.

Kwa wale wa ghorofa za juu ambao hamjawahi kushuka kwetu: ofisi ya ukaguzi wa nakala iko chini, mlango wa pili baada ya ngazi, pale bomba la maji linapotoa jasho. Kazi yake inaelezeka kwa pumzi moja. Mtu analeta cheti chake halisi pamoja na nakala, karani anavilinganisha, na akiridhika anagonga mhuri wa kuthibitisha kwamba nakala ni sahihi. Madirisha ni matatu. Kwenye mawili ya kwanza, kulinganisha kulichukua muda uleule wa kufungua kifuniko cha wino. Kwenye la tatu, mzee wetu alilaza cheti kushoto na nakala kulia, akaweka rula chini ya mstari wa kwanza, akausoma kwa sauti ya chini kama mtu anayelibembeleza jino linalouma, kisha akaihamishia rula upande wa pili na kuusoma tena. Halafu mstari wa pili. Cheti kimoja kilichukua dakika kumi na moja. Tulimpima kwa saa, mwaka ambao umeme ulikatika sana na hatukuwa na kazi nyingine.

Ndiyo maana akaitwa Mzee Rula, tangu akiwa na miaka thelathini na hana hata mvi moja. Ndiyo maana pia foleni yake ilikuwa haiishi mpaka mlinzi aje kutikisa funguo. Sanduku la maoni lililoko mlangoni hufunguliwa kila Ijumaa. Mwaka jana lilitoa barua arobaini na moja. Thelathini na nane zilimhusu yeye, mbili zilihusu choo, na moja ilikuwa ombi la kazi.

Mafanikio yake ni magumu kuyaandika, kwa sababu mengi ni mambo ambayo hayakutokea. Kuna mwenye malori mmoja aliyekuja na nakala ya cheti cha chuo iliyosema amehitimu, ilhali cheti chenyewe kilisema amehudhuria. Rula alifika mstari wa saba, akasimama hapo, akarudia mara tatu, kisha akavirudisha vyote dirishani. Bwana yule hakukasirika hata kidogo. Alicheka, akasema, "Mzee, wewe ungekuwa tajiri sana kama ungekuwa na haraka." Akavuka barabara, akapata mhuri kwenye ofisi nyingine kabla chai yetu haijapoa. Mwezi wa tatu mwaka huu alikuwa mgeni rasmi kwenye semina yetu ya maadili. Alizungumza vizuri. Rula alikaa mstari wa nyuma, akapokea kalamu na daftari kama sisi wengine.

Juu ya kichwa chake lilitundikwa bango la maadili yetu makuu: Ubunifu, Kasi, Tabasamu, Uadilifu, na mengine mawili yaliyofunikwa na kabati. Mabango hayo yalipoletwa, hati ya mapokezi ilisema ni sita. Rula, aliyekuwa akikaimu stoo siku hiyo, aliyahesabu akapata manne. Akakataa kusaini. Ikabidi asaini mtu mwingine, na tangu hapo hakukaimishwa stoo tena.

Ni rahisi kusema alikuwa mtu wa zamani, na wengi walisema hivyo usoni kwake, kwa mapenzi. Sidhani kama zamani walikuwepo wengi. Kila kizazi kina wachache wa namna hii, na kila kizazi huwaambia wamechelewa kuzaliwa. Adabu zetu za pesa siku hizi zinajulikana: anayeiba sana tunamwita mpambanaji, anayeiba kidogo tunamwita mwizi, na asiyeiba kabisa tunamwuliza kama nyumbani kuko salama. Uadilifu tunaupenda kama tunavyompenda jirani anayekimbia mazoezi alfajiri. Tunamsifu kwa dhati kabisa, tukiwa bado tumejifunika shuka.

Na tusimpambe kupita kiasi, maana yeye mwenyewe angeichukua karatasi hii na kuipitisha chini ya rula. Uaminifu wake uliwahi kuumiza watu. Miaka mingi iliyopita alikuja binti mmoja mwalimu, akiomba nafasi ya masomo. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa siku ileile saa sita mchana. Nakala yake ilikuwa imekatwa chini na mashine, namba ya usajili haionekani. Rula akamwambia arudi akatoe nyingine. Binti hakuwa na hela ya fotokopi ya pili, akatoka kwenda kukopa kwa shangazi yake, na aliporudi ilikuwa saa saba. Namba ilikuwepo kwenye cheti, kila mtu aliiona, na dirisha namba moja wangemgongea mhuri bila kumtazama usoni. Wiki iliyofuata kikatokea mezani kwa Rula kikopo cha rangi ya viatu chenye sarafu ndani, kwa ajili ya yeyote ambaye nakala yake imekatwa. Alikijaza mwenyewe kila tarehe ya mshahara. Hakuwahi kutuambia kwa nini, lakini sisi tulikuwepo siku ile.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka huu, kwa kuwa yamesemwa sana kantini na yamesemwa vibaya.

Wiki ya kwanza ya Januari orodha ya wanaostaafu ilibandikwa ubaoni. Rula alijua kabisa kwamba anatimiza miaka sitini tarehe thelathini mwezi wa sita. Akaenda kuisoma orodha, mstari kwa mstari, na jina lake halikuwepo. Mtu mwingine angenunua soda. Yeye akapanda ghorofa ya pili kwa afisa utumishi.

Afisa utumishi ni mama mwenye roho nzuri. Alifungua faili, akatabasamu, akamgeuzia ukurasa. Faili lilisema amezaliwa miaka miwili baadaye. Ushahidi ulikuwa nakala ya cheti chake cha kuzaliwa, iliyopigwa taipu kabla hatujapata mashine ya fotokopi, na juu yake mhuri wa bluu wa dirisha letu wenyewe. Mpiga taipu alikosea mwaka, na karani wa wakati huo aligonga mhuri bila kulinganisha. Rula mwenyewe, akiwa kijana anayetafuta kazi na njaa imemkamata, aliichukua nakala ile na kuikabidhi bila kuitazama. Ilikuwa nakala pekee maishani mwake ambayo hakuisoma.

"Hongera, mzee wangu," mama akamwambia. "Mungu amekuongezea miwili. Nenda ukafanye kazi."

Miaka miwili ni mishahara ishirini na minne, na hapa lazima niseme mishahara hiyo ilikuwa na kazi gani. Mzee Rula ana binti wa mwisho anayesomea uuguzi. Amebakiza miaka miwili. Si mmoja wala mitatu, ni miwili kamili. Mkewe ni mshonaji wa sare za shule, na kila mwenye watoto anajua kwamba sare hushonwa Desemba na Januari, miezi mingine cherehani hulala. Hesabu ilikuwa imejipanga yenyewe. Hakuna aliyeomba, hakuna aliyedanganya, hakuna ambaye angekuja kuuliza. Wote tulimwambia anyamaze, tukimzunguka pale kantini kama wakwe, na nina hakika tulimwambia kwa nia njema.

Kurekebisha faili kunahitaji nakala ya cheti halisi iliyothibitishwa. Karani haruhusiwi kuthibitisha cha kwake. Kwa hiyo Jumanne moja asubuhi Rula alitoka upande wetu wa kioo, akazunguka nje, akajipanga kwenye foleni ya dirisha namba mbili akiwa na bahasha mkononi. Alisimama dakika tano nyuma ya mwanamke mwenye mtoto mgongoni na vijana wawili wa leseni. Zamu yake ilipofika, akasukuma dirishani cheti, nakala, na rula.

Dada wa dirisha namba mbili amekaa naye bega kwa bega miaka kumi na sita. Tunamwita Umeme kwa jinsi anavyogonga mhuri. Aliinua mhuri, akaona jina, akaushusha taratibu.

"Baba, ondoka hapa," akamwambia kwa sauti ya chini. "Nitasema nimekipoteza."

"Linganisha," akasema Rula.

"Mdogo wangu nani atamlipia ada? Hii rula?"

"Linganisha, mama. Kuna watu nyuma yangu."

Akalinganisha. Aliweka rula chini ya kila mstari, akasoma kwa sauti, upande huu na upande ule, na alipofika kwenye mwaka akaanza upya mstari ule. Dakika kumi na moja. Nyuma kulikuwa na manung'uniko, kijana mmoja akauliza kama ofisi imefungwa. Kisha Umeme akagonga mhuri kwa nguvu mpaka kikopo cha sarafu kikaruka kwenye meza ya jirani.

Afisa utumishi aliifungia nakala ile kwenye droo wiki tatu, akitumaini mzee atapata akili. Kila Jumatatu mzee alipanda ngazi kuuliza imefikia wapi. Wiki ya nne ikafika. Faili likarekebishwa, na orodha ikabandikwa upya, jina lake likiwa la mwisho, kwa kalamu.

Nyumbani, kwa maelezo yake mwenyewe ambayo alituambia mara moja tu akiwa anamenya chungwa, mkewe siku nne alikula peke yake jikoni. Siku ya tano alimwekea chai, akakaa, akamwuliza kama lile kosa la taipu lilikuwa kosa lake. Akasema hapana. Akamwuliza kama mwenye malori anajua habari hii. Akasema hapana. "Basi ulikuwa unamwogopa nani?" Rula anasema alikunywa chai ile yote, akaosha kikombe. Binti ameahirisha masomo kwa mwaka mmoja. Anauza dawa baridi kwenye duka la jirani, na akimpita baba yake barazani humwamkia vizuri, kama mtu anavyomwamkia mkaguzi.

Hayo ndiyo yaliyotokea. Aliyesikia kwamba alilipwa, au kwamba alikuwa anajitafutia sifa, au kwamba ana shamba mahali, ameelezwa vibaya. Kwenye hafla fupi ya kumuaga, meneja alimkabidhi saa ya ukutani na kusema tuna mengi ya kujifunza kwake. Sote tuliitikia. Saa ilikuwa mbele dakika sita, na Rula aliirekebisha palepale kabla ya kuipakia.

Tunakushukuru, mzee wetu, kwa mistari yote uliyoisoma kwa ajili ya watu waliokuwa wakikulaani kimoyomoyo. Tunakushukuru kwa kikopo. Tunakuombea usingizi wa asubuhi, cherehani yenye kazi mwaka mzima, na binti arudi darasani kabla hajasahau majina ya mifupa. Ustaafu mwema, na macho yako yapone uchovu wa mistari.

Kwa kumbukumbu za ofisi: Jumatatu iliyofuata Umeme aliitumia rula kwa watu tisa wa kwanza. Kuanzia wa kumi aliiweka kwenye fremu ya dirisha, na inasaidia lisifungwe na upepo. Foleni zote ziliisha saa nne kasorobo. Ijumaa sanduku la maoni lilifunguliwa kama kawaida.

Lilikuwa tupu.