Zaidi Khamisi, Mwenye Herufi za Brashi

Baada ya miaka ishirini na tisa katika kiwanda chetu cha uchapaji hapa Moshi, Mzee Zaidi Khamisi anastaafu leo, Jumamosi, tarehe 30 Machi 1957. Nimeambiwa niandike karatasi hii ya kumuaga kwa uchangamfu. Nitajaribu, ila niwieni radhi mapema.

Aliingia mwaka 1928 akiwa mfagiaji, akapanda hadi kuwa mwandishi wa mabango yetu yote. Brashi alijitengenezea mwenyewe kwa ndevu za beberu, akidai brashi ya dukani haina adabu. Mwandiko wake mnaujua: unaanza mnene, unainama mbele kama mtu anayepanda mlima na mzigo, unamalizia kwa mkia mwembamba. Magunia ya kahawa ya Masama, mialiko ya maulidi, pakiti za chai, vibao vya maduka, vyote vilipita mkononi mwake. Theopista wa Mwika alipoolewa, mama yake aliturudishia kadi tulizopiga chapa kwa herufi za kawaida, akasema zinafanana na barua ya kuitwa barazani. Mzee Zaidi akaziandika upya zote themanini kwa brashi. Mama yule alishuka mjini na mkungu wa ndizi kumshukuru.

Sasa nifike kwenye kinachonichoma. Mwaka 1953 meneja wetu alimwomba aandike herufi zote, kubwa na ndogo, kwenye karatasi nyeupe, eti zipambe ukuta wa ofisi. Mzee aliandika siku tatu. Ukutani hatukuziona hata siku moja. Mwaka juzi yakaja makasha kutoka Ulaya, yamejaa herufi za kupigia chapa, za madini ya risasi, za mwandiko uleule, na kwenye kitabu cha sampuli jina la mbunifu ni la meneja. Jamani! Mzee alipouliza, alijibiwa kwamba miandiko hufanana.

Mimi Filemon, mpanga herufi, nazishika kila siku. K kubwa ina ufa mguuni. Siku ya pili ya kazi ile brashi ilipasuka ncha akiwa kwenye K hiyo, nami nilikuwa nimesimama pale. Karatasi ilikuwa ya mwisho, Mzee akauacha ufa ulivyo. Au na huko Ulaya wana beberu yule yule? Leo kadi napanga kwa dakika kumi, brashi haitakiwi tena, na mwenye mwandiko anaambiwa akapumzike, anapewa mwavuli. Mwavuli! Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Asante, Mzee wetu, kwa kazi yako na kwa subira ambayo mimi sina. Mwenyezi Mungu akupe afya, usingizi mzuri, na wajukuu wenye mkono mwepesi kama wako.

Karatasi hii nimeipanga mwenyewe, na kichwa chake nimekipanga kwa herufi za yale makasha. Meneja alifurahi sana kuona nimezitumia, akaipitisha palepale bila kusoma zaidi ya kichwa. Wageni wetu, rudini juu kwenye jina la Mzee, mtazame mguu wa K.