Mjamzito Unayemuuliza ni Mimi

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Laela! Shikamoni wazee wangu. Mnivumilie kwa sauti hii kubwa, ni ya shambani, sina nyingine. Nimekuja kumshukuru Mungu kwa ajili ya mtoto huyu anayenivuta kitenge, na leo sitasema kwa kunong'ona.

Ndugu zangu, kabla ya huyu nilizika wawili. Wa kwanza nilimpoteza kule mahame, makazi yetu ya zamani, kabla hatujahamia kijiji cha ujamaa. Wa pili alifia tumboni njiani, nikiwa juu ya machela, wanaume wanapokezana kunibeba kwenda hospitali ya mjini. Walikimbia jamani, Mungu awabariki, lakini tulikuwa tumechelewa tangu nyumbani. Bibi Skola, mkunga wetu aliyenipokea mara zote mbili, alilia pamoja nami. Kisha akanieleza bila kuficha: "Mwanangu, nyonga zako zimenishinda. Ukipata mimba nyingine usiningoje mimi. Nenda mjini mapema, ukakae karibu na daktari."

Neno jema, lakini nikakae wapi? Nile nini? Hospitali yenyewe haikututisha kwa malipo. Kilichotushinda ni njia ndefu, na chakula cha mimi na mtu wa kunipikia, na pa kulala. Mume wangu Oresti alikuwa na jembe na mikono yake miwili, basi.

Halafu kulikuwa na jambo jingine, nanyi mnalijua kwa sababu mnalo. Kwetu mimba haisemwi. Ukisema, jicho baya litakuona, mtoto hatafika. Kwa hiyo nilipopata mimba ya tatu nilifanya kama wenzangu. Nilijifunga vitenge viwili, nikavaa na sweta la Oresti juu. Hata nikienda zahanati kupimwa nilibeba jembe begani na kikapu kichwani, ili anayekutana nami adhani naenda kulima. Siku moja nilikutana na jirani yangu njia ileile, naye ana jembe na kikapu. Tukaulizana habari za shamba! Tukafika zahanati pamoja, tukaketi benchi moja, tukatazama ukuta.

Nilikuwa naogopa, ndugu zangu. Niliomba nikilima, niliomba nikitwanga. Nilisema, Bwana, huyu naye usimchukue.

Baada ya mavuno ukaitwa mkutano wa kijiji. Mahindi ya shamba la ujamaa yalikuwa yamejaa ghalani, na neno lilikuwa moja tu, sehemu itakayobaki kijijini ifanye nini. Wengi walitaka bati za ofisi. Mama Veronika, kiongozi wetu wa akina mama, akaomba itengwe ya wajawazito, ili mama anayekaribia siku zake apelekwe mjini mapema, apangiwe chumba, awe na unga wake na mtu wa kumtunza.

Mwenyekiti wetu hakuwa mtu mbaya. Alituangalia wanawake tuliokaa chini upande mmoja, akauliza kwa upole kabisa: "Mama Veronika, mahindi tuwawekee akina nani? Mimi hapa simwoni mjamzito hata mmoja."

Wanaume wakacheka. Sisi tukainamisha vichwa. Jirani yangu wa jembe na kikapu alikuwa kando yangu, anachora chini kwa kidole. Nikaona jinsi tunavyokwenda kufa kwa adabu zetu! Nani atamsaidia mtu ambaye hayupo?

Ndugu zangu, hapo ndipo Bwana aliponishika. Sikupanga. Miguu ilisimama, akili ikafuata baadaye. Nikavua sweta la Oresti, nikafungua kitenge cha juu, nikasema: "Mzee mwenyekiti, shikamoo. Mjamzito unayemuuliza ni mimi."

Mama mkwe wangu alijifunika uso. Nikawaambia, nimezika wawili, na huyu anacheza humu ndani sasa hivi, nanyi mnaongea habari za bati. Machozi yalinitoka hadharani, sikujali tena.

Jirani yangu akasimama. Kisha mwingine kule nyuma, na binti aliyeolewa juzijuzi tu. Wa mwisho kusimama alikuwa mke wa mwenyekiti! Kama mzee alikuwa anajua au hajui, hayo ni ya nyumbani kwao. Alikohoa, akavua kofia, akasema, "Basi bati zitangoja." Aleluya!

Msidhani hofu iliisha. Usiku na mchana niliwaza, sasa kila mtu ameniona, mtoto huyu akifa watasema nimemuua kwa mdomo wangu. Mama mkwe aliacha kunisemesha. Lakini lori lililokuja kuchukua mahindi lilinichukua na mimi, na wifi yangu, na gunia letu la unga. Tulikaa mjini tukila mahindi ya kijiji mpaka uchungu ukanishika. Mtoto akakwama, kama wale wa kwanza. Tofauti ni kwamba safari hii daktari alikuwa palepale. Nikapasuliwa. Nilipozinduka muuguzi akaniambia, "Mama, una binti, msikilize anavyogomba."

Nililia mpaka mshono ukauma. Asante Yesu! Tuliporudi, mama mkwe ndiye aliyempokea wa kwanza, hakumshusha siku nzima. Kanisani jina lake ni Ester, ila kijiji kizima kinamwita Mahindi, naye anaitika. Na kila mwaka sasa akina mama tunalima kipande chetu katika shamba la kijiji, tunafukia nyasi kwenye matuta kama mama zetu walivyotufundisha, na mavuno yake ni ya wazazi tu, akina mama wanaokaribia kujifungua.

Ndugu zangu wapendwa, mwaminini Mungu, hamwachi mtu. Lakini mimi alinisaidia kwa mikono ya watu, na watu walinisaidia waliponiona. Nimesikia sadaka yenu ya mavuno bado haijapangiwa kazi. Wazee wa kanisa, nawaomba kwa magoti, wakumbukeni wazazi.

Na wewe dada yangu uliyekaa nyuma, najua Ufipa kuna baridi, ila siyo baridi ya vitenge vitatu. Nilifanya hivyohivyo. Bwana aliyenisimamisha mimi yumo humu ndani. Simama, wazee wakuone. Nimeshamaliza, nakungoja wewe.

Bwana asifiwe! Njoo, mama, njoo mbele, usilie. Mahindi, sogea mwanangu, mpishe mama akae.